Nguo za Kazi

Mageni ndiye aliyetangulia kusema kwamba mjukuu wake amerogwa. Alikuwa amekuja kutoka kijijini kumsalimia mwanawe Nkwabi na mkwewe Zipora, akakuta mtoto wao Nelly, ambaye mavuno yaliyopita alimwacha akirukaruka uani, amekaa kwenye mkeka akitazama vidole vya miguu yake. Nelly alikuwa na miaka minne. Zamani maneno yalikuwa yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Sasa ukimwuliza jambo alikutazama kwanza, kana kwamba anakutafuta kwa mbali, kisha akaweka mkono tumboni na kusema panauma.

Zipora hakubishana na mama mkwe. Alikwisha mpeleka mtoto zahanati mpaka wauguzi wakamzoea. Walipima malaria, hawakuiona. Walimpa dawa ya minyoo. Walimwambia damu imepungua, ampe mtoto matembele na maini, na Zipora alinunua maini kila alipoyaweza, akampikia peke yake, naye mtoto akayasukuma pembeni mwa sahani. Kanisani walimwekea mikono. Kwa hiyo Mageni alipomtaja mganga mmoja hodari wa upande wa kwao, Zipora alipiga goti na kumjibu kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, twende kwanza hospitali ya mkoa. Huko wakikosa jibu, nitakufuata popote utakaponipeleka."

Mageni akakubali, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba hospitali haitaona kitu.

Waliishi Majengo Mapya, mtaa ulioota nje ya mji wa Shinyanga ukishapita Ngokolo. Viwanja vya huko viliuzwa rahisi, na kila mtu alijua sababu, ingawa hakuna aliyeitaja siku ya kununua. Nyuma ya nyumba za mwisho palikuwa na tanuri la kuchomea taka. Malori yalikuja kutoka upande wa Kahama na Geita na taka za migodini: mapipa ya mafuta, mipira, mabomba ya plastiki, betri kuukuu za magari. Dohani ilitoa moshi mweupe asubuhi na mweusi jioni. Nkwabi alifanya kazi humo. Yeye na wenzake walipasua betri kwa shoka, wakatoa yale madini mazito ya kijivu na kuyayeyusha kwa kuuzwa tena, na magamba wakayatupa motoni. Ilikuwa kazi ya uhakika. Mtaani, mke wa mtu wa tanuri alikopeshwa unga dukani bila kuulizwa maswali.

Jioni Nkwabi aliporudi, Nelly ndipo alipofufuka kidogo. Alisikia lango la bati, akajivuta, akaenda kumlaki. Baba alimnyanyua na kumpakata, na mtoto alikuwa na mtindo wa kulaza uso kwenye ukosi wa shati lake na kuutafuna. Walikula hivyo hivyo, yeye pajani, baba akimmegea ugali. Maji yalinunuliwa kwa ndoo, kwa hiyo Nkwabi alioga mara moja tu, wakati wa kulala. Zipora aliwahi kuwaonea wivu wale wawili. Mtoto alikuwa hapokei chakula mkononi mwa mtu mwingine.

*

Daktari aliyewapokea hospitali aliitwa Rosemary. Alikuwa mwanamke mpole wa kusema taratibu, na tofauti na wengine, aliuliza maswali mengi kabla ya kuandika chochote. Mtoto anakula udongo? Analala wapi? Maji ni ya wapi? Aliposikia Majengo Mapya, alisimamisha kalamu. Akachukua damu, akasema itapelekwa maabara ya mbali, na kwamba wasubiri kupigiwa simu.

Simu ilichelewa. Mageni alipokuwa amekwisha anza kufunga mizigo kwa safari ya kwa mganga, ndipo ilipoita. Zipora akaenda na mtoto mgongoni.

"Mama Nelly," daktari alisema, "tumekuta risasi kwenye damu ya mtoto."

Zipora aligeuza shingo kumtazama mwanawe. Akamshusha, akampapasa mgongo na mbavu.

"Hakuna mtu aliyempiga, daktari. Tungesikia."

Rosemary hakucheka. Alivuta kiti chake karibu, akaeleza kwamba si risasi ya bunduki bali ni madini yenyewe yenye jina hilo, yale ya kwenye betri za magari. Vumbi lake halina harufu. Likiingia mwilini mwa mtoto linakaa kwenye damu na mifupa, linamla damu, linamwumiza tumbo, na linamfungia akili isikue. Watu wazima nao vumbi hilo huwadhuru, lakini mtoto ndiye huumia haraka. Alisema dawa ipo, ingawa ni ya kuagizwa, na kwamba dawa haitasaidia kitu ikiwa mtoto ataendelea kulishwa vumbi lile lile.

"Moshi wa tanuri unafika kwenu, hilo najua," alisema. "Lakini kiasi hiki ni kikubwa kuliko moshi peke yake. Nani nyumbani anarudi na vumbi mwilini?"

Zipora alilisikia swali, na jibu alilijua kabla halijakwisha. Alimrudisha mtoto mgongoni, akamfunga khanga. Ndipo akasema, "Baba yake."

*

Nkwabi alipofungua lango siku ile, mkewe alikuwa amesimama katikati ya njia, amembeba Nelly kiunoni na kumshika kwa nguvu.

"Usimguse," alisema.

Nkwabi alidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, kwamba mtoto ndiye atakayemwambukiza yeye, akasema hajali. Zipora akamwambia tena asimguse, kisha akamwambia yote palepale uani, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Nelly alikuwa akinyoosha mikono. Nkwabi alitazama mikono yake mwenyewe, akatazama ukosi wa shati. Alivua shati, akavua viatu, akasimama na suruali peke yake asijue vitu vile aviweke wapi. Mtoto alipoona baba hamchukui alilia kilio kirefu, na Zipora akamwingiza ndani.

Mageni alisikia neno risasi kupitia dirishani, akatoka akitaka kujua nani amempiga mjukuu wake. Ilibidi aelezwe mara mbili. Alipokwisha elewa hakutaja uchawi tena. Alikwenda kulichukua lile shati kwa ncha ya fimbo, akalitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo.

Siku zilizofuata Nkwabi aliishi nyumbani kwake kama mpangaji. Alioga kwa jirani kabla ya kuingia. Alikula mlangoni. Zipora na Mageni walideki sakafu kwa maji, wakafuta kuta, wakakwangua udongo wa juu wa ua na kuufukia mbali, wakautupa ule mkeka. Hata hivyo Nkwabi hakumshika mtoto. Nelly alimfuata mpaka mlangoni, naye akasogea nje. Akamfuata nje, naye akatafuta safari ya dukani. Baada ya muda mtoto hakumfuata tena, na hilo Nkwabi lilimwumiza zaidi ya kilio.

Ilibidi Zipora amburute mumewe mpaka kwa daktari Rosemary. Daktari alimwambia kwamba sumu ni vumbi, si yeye. Mtu aliyeoga na kuvaa nguo safi anaweza kumpakata mwanawe siku nzima. Nkwabi alisikiliza ameinamisha kichwa. Kesho yake, Jumanne, aliomba ruhusa kazini, akajisugua mpaka ngozi ikawaka, akavaa suti yake ya kanisani, akaketi kwenye kiti uani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nelly alimchunguza kwa muda. Halafu akapanda pajani, akalaza uso kwenye shati jeupe, akalala usingizi. Nkwabi hakuthubutu hata kufukuza nzi mpaka alipoamka.

*

Habari zilifika ofisi ya tanuri kabla yake. Msimamizi, Ansgar, alikuja nyumbani na gari la kampuni. Alibeba sukari na sabuni, akamwamkia Mageni shikamoo kwa adabu zote, akampapasa Nelly kichwani na kumpa pole. Alisema kampuni ni familia. Nkwabi ataondolewa kwenye betri na kuwekwa mlinzi getini, mshahara ule ule. Dawa ya mtoto kampuni itailipia, na chumba Ngokolo, mbali na moshi, itawapangishia. Ombi lake lilikuwa moja tu: mambo ya mtoto ni ya familia, yabaki katika familia. Watu wa huku hawajasoma, wakisikia neno dogo watazua makubwa, tanuri lifungwe, na wenye njaa wawe wao wenyewe.

Nkwabi alimtazama mkewe. Zipora alimtazama mtoto. Hakuna aliyesema ndiyo, ila Ansgar aliposimama kuaga walimsindikiza mpaka kwenye gari na kumshukuru.

Walihamia Ngokolo, na majirani wakaambiwa mtoto ana malaria sugu. Dawa ilikuja. Nelly alianza kumaliza uji wake. Kwa muda ilionekana kwamba Mungu amewatazama, na Zipora aliimba tena akifua. Lakini njiani akikutana na wanawake wa Majengo Mapya alivuka barabara ili asisalimiane nao.

Siku moja alirudi kule kuchukua jembe lake alilosahau. Akapita kwa Juliana, mke wa Mwigulu, aliyekuwa rafiki yake na ambaye mumewe alipasua betri bega kwa bega na Nkwabi. Juliana alikuwa na mimba kubwa. Alisimama kwenye kamba ya nguo akiikung'uta suruali ya kazi ya mumewe kabla ya kuiloweka. Aliikung'uta kwa nguvu, pa, pa, na vumbi la kijivu likamrudia usoni na kumwangukia kwenye tumbo. Alipomwona Zipora alitabasamu, akajifuta kwa mkono ule ule, akamkaribisha chai.

Zipora alitaka kusema ana haraka. Badala yake alimwendea, akamnyang'anya ile suruali na kuitupa chini.

"Juliana, usishike tena nguo hizi. Nelly hakuwa na malaria."

Akamweleza yote, pamoja na chumba cha Ngokolo na nani anakilipia. Juliana alisikiliza mikono yake ikiwa imeshikilia tumbo. Mwishoni aliuliza jambo moja tu: "Tangu lini umejua?"

Zipora alimwambia ukweli. Juliana akaingia ndani na kufunga mlango, na ile chai haikunywewa.

*

Nyumbani, Nkwabi aliposikia alichofanya mkewe, alikaa kitandani akashika kichwa. Alimwambia kwamba amemwaga dawa ya mtoto kwa mkono wake. Zipora alijibu kwamba analijua hilo. Alisema kama angenyamaza, kila kijiko cha dawa anachompa Nelly angekiona kimetolewa kwenye tumbo la Juliana. Hawakugombana zaidi. Walilala wamepeana migongo, wote wawili macho.

Asubuhi Mwigulu alimsubiri Nkwabi getini, macho mekundu. Alimwuliza mbele ya watu kama anataka wafungiwe kazi ili yeye abaki anakula na wakubwa. Alimwuliza kama mkewe ana wazimu, au yeye ndiye aliyemtuma. Wenzake waliokuwa wakitaniana na Nkwabi kila siku walisimama pembeni wakichezea glavu zao zilizotoboka.

Ansgar alitoka ofisini. Alikusanya watu wote pale getini, akazungumza kwa utulivu na kama kwa mzaha. Alisema kuna maneno ya wanawake yanazunguka mtaani. Mtoto wa mwenzetu aliugua malaria sugu, kampuni ikamsaidia, na shukrani yake ndiyo hii. Akamwekea Nkwabi mkono begani.

"Baba Nelly, waambie wenzako mwenyewe. Mtoto aliumwa nini?"

Mkono ulikuwa bado begani. Nkwabi alimtazama Mwigulu, akaona kwamba nyuma ya hasira ile alikuwa anaomba. Alitaka sana aambiwe ni malaria. Wote walitaka. Ingekuwa rahisi kuwapa.

"Ana risasi kwenye damu," Nkwabi alisema. "Alilishwa na shati langu. Nilikuwa nampakata kila jioni nikidhani nampenda. Na nilipojua, nilihama. Sikuwaambia. Mwigulu, nisamehe. Mpeleke Juliana akapimwe."

Ansgar aliondoa mkono. Hakufoka. Alimwomba Nkwabi funguo za geti na filimbi, akamtakia maisha mema. Wenzake wakaingia kazini. Hakuna aliyegeuka, Mwigulu naye hakugeuka.

*

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Kodi ya chumba cha Ngokolo sasa ilikuwa juu yao. Nkwabi alisukuma mkokoteni sokoni na kubeba magunia ya watu waliomwita wewe. Zipora alichoma vitumbua, na wateja wengine, waliosikia nusu ya habari, walivigeuzageuza wakimwuliza kama havina risasi, kisha wakaviacha. Hospitali walimpeleka ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha wa malipo ya dawa. Kijana wa pale alimwuliza kwa nini mtu mwenye simu anasema hana uwezo. Zipora aliitoa simu yake, kitochi kilichofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, akakiweka mezani. Kijana akakitazama, akaona haya, akagonga muhuri. Mageni alikwenda kijijini akarudi na mpunga juu ya basi na fedha kidogo kwenye fundo la khanga, na alipoulizwa ndama wake anaendeleaje alisema ndama hajambo, yuko kwa mtu.

Juliana alikwenda kupimwa bila kumwambia mumewe. Majibu yalipotoka alimwambia, na Mwigulu akaja Ngokolo jioni, akasimama mlangoni hataki kukaa.

"Shemeji, imo," alimwambia Zipora. "Kwake na kwangu. Daktari anasema afadhali tumewahi." Kisha akamgeukia Nkwabi. "Pale getini nilikuacha peke yako."

Nkwabi alimwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kumwacha Mwigulu. Wakaketi. Zipora akaleta chai, na safari hii ilinywewa.

Kutoka hapo mambo yalikwenda yenyewe, ingawa polepole. Mwigulu aliwapeleka wengine, mmoja mmoja, wengine kwa kutishwa na wake zao. Daktari Rosemary aliandika kwa wakubwa wake, akaandika tena. Wakaguzi wakaja, wakapima udongo wa uani kwa watu na masizi ya kwenye mabati. Tanuri likazimwa. Njaa ilipita Majengo Mapya kama Ansgar alivyotabiri, na wapo waliotema mate Zipora alipopita. Lakini watoto wa mtaa ule walipimwa, na waliokutwa na risasi walikuwa wengi kiasi kwamba wanaotema mate walipungua.

Tanuri lilipowashwa tena lilikuwa na chujio dohani, na betri zilikatazwa kuingia getini. Ndani walijenga mabafu na chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka na nguo za kazi. Msimamizi alikuwa mtu mwingine. Kina Mwigulu waliitwa kazini. Nkwabi hakuitwa, na hakwenda kuuliza. Alikuwa amepata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akirudi mweupe kwa pumba tangu nyusi mpaka vidole. Pumba haimdhuru mtu, lakini aliendelea kuoga kabla ya kumshika mtoto yeyote.

Juliana alijifungua msichana, mdogo wa umbo, mwenye sauti kali. Daktari alisema wataendelea kumpima. Kwa sasa ananyonya vizuri.

Kuhusu Nelly, daktari hakuwadanganya. Alisema risasi inashuka kwenye damu, lakini iliyokwisha ingia kwenye mifupa itatoka taratibu, na hakuna ajuaye ni kiasi gani cha akili yake kimeliwa. Wakae naye, wazungumze naye, wampe maziwa na mboga, na wasubiri. Zipora alisubiri. Mtoto alinenepa. Alicheka. Lakini alikuwa mtiifu mno, mtoto wa kukaa alipokalishwa, na watu wa nyumba ile ya kupanga walimsifu kwa adabu yake. Kila sifa ilimchoma Zipora moyoni.

Ndipo siku moja, Zipora akichambua mchele, jirani yake Mama Davis akaja kwa hatua nzito, amemburuta mwanawe mkono. Davis alikuwa na miaka sita na alikuwa analia.

"Mama Nelly, mimi si mtu wa ugomvi," Mama Davis alisema. "Ila mwanao sasa amezidi."

Zipora aliweka ungo chini. Mama Davis akaeleza. Watoto walikuwa wakicheza gari, na Davis ndiye dereva. Nelly akasema zamu yake imefika. Davis akakataa. Nelly akamnyang'anya usukani, yaani kile kifuniko cha ndoo, akamsukuma, akamkimbiza kuzunguka nyumba mpaka nyuma ya choo. Na matusi juu. Alimwita mbuzi. Watoto wengine walipomwambia aache, akawajibu kwamba hata wao ni mbuzi, na dereva sasa ni yeye, na asiyetaka ashuke.

Zipora aliomba radhi. Aliahidi kumwonya, akamfuta Davis machozi kwa khanga yake, akampa kitumbua. Mama Davis alikuwa ameanza kugeuka kwenda zake aliposikia anaitwa.

"Hebu kaa kidogo, Mama Davis," Zipora alisema, akimsogezea kigoda, machozi yakimlengalenga. "Nieleze tena tangu mwanzo. Aliwaambia nini?"